Ngozi moja, mkono mmoja: viatu vinalegea, kofia inabana. Inakuwaje?

#1 Mzee Gidamu
Wakuu, salaam.

Nimestaafu, nina miaka 64, na siku hizi burudani yangu ni kushona ngozi. Viatu na kofia tu, mikoba na mikanda nawaachia wengine. Nashona kwa mkono, sindano mbili, uzi wa kitani uliosuguliwa nta ya nyuki. Siuzi, navaa mwenyewe na kugawia watu wangu.

Sasa nisaidieni. Nilikuwa na kipande kimoja cha ngozi ya ng'ombe, unene kama milimita 1.5. Upande mmoja nikashona viatu vya kuchomeka mguu, visivyo na kamba. Upande wa pili nikashona pama ya vipande sita. Siku ya kwanza vyote vilinikaa sawasawa. Imepita miezi. Viatu vimelegea hadi navivalia soksi nene. Kofia nayo inazidi kubana, nikiivua jioni nina mstari kwenye paji la uso. Ngozi ileile, uzi uleule, mkono uleule. Iweje kimoja kitanuke na kingine kisinyae?

Fundi mmoja niliyemuuliza alinijibu "ngozi ndivyo ilivyo". Jibu hilo halikunitosha.

#2 Chapeo
Mzee, ukistaafu mawazo yanaongezeka. Kichwa ndicho kimekua 😂

#3 NtaYaNyuki
Mwacheni mzee wa watu. Ni jasho. Ngozi ikilowa inakuwa tayari kufuata umbo lolote, ikikauka inajikusanya na kubaki hapo. Kiatu kinapopata unyevu mguu umo ndani na uzito wa mwili unakisukuma kila hatua, kwa hiyo kinakauka kikiwa kimevutwa. Kofia unaivua ikiwa na jasho, inakauka tupu. Hakuna kinachoizuia kujikunja. Ukiivua unaiweka wapi?

#4 Kalibu Kongwe
#3 ameruka swali la kwanza: ulikata kuelekea upande gani?

Ngozi haina tabia moja kama kitambaa cha kiwandani. Mgongoni ni imara, tumboni inavutika hovyo, na popote utakaposhika kuna upande unaovutika kuliko mwingine. Fundi viatu anayejua kazi yake hulaza uso wa kiatu ili upande usiovutika uende kidoleni hadi kisiginoni, na ule unaovutika ukatishe upana wa mguu. Ndiyo maana kiatu huongezeka upana kuliko urefu. Kwenye kofia watu hupanga vipande vienee tu, wasipoteze ngozi. Kama vyako vinavutika kutoka chini kwenda utosini, mzingo wa kichwa utapata wapi nafasi? Chukua mabaki, yavute pande zote mbili, ulete majibu.

#5 Bi Msharasi
Hamjambo. Nina miaka 71 na nashona kofia tu, miguu ya watu siitaki.

Tufanye hesabu kabla ya kulaumu ng'ombe. Tuseme kichwa cha mzee ni sentimita 58. Amegawa kwa sita, kila kipande chini kina sentimita 9.7, akaongeza nafasi ya mshono. Lakini ngozi ina unene! Mzingo wa ndani ni mdogo kuliko wa nje kwa mara mbili ya pai kuzidisha unene. Kwa milimita 1.5 unapoteza zaidi ya milimita 9. Ukiweka utepe wa ndani wa milimita 1, zinaondoka nyingine 6. Sentimita moja na nusu imekwenda kabla hujaigusisha kichwani.

#6 Kipima Futi
Shikamoo bibi. Hesabu nzuri, ila ngozi ikipindwa upande wa nje huvutika na wa ndani hubanwa. Urefu uliopima unabaki katikati ya unene. Kwa ngozi yenyewe chukua nusu, milimita 5 hivi. Ile 6 ya utepe sina ubishi nayo.

#7 Bi Msharasi
Marahaba mwanangu. Iwe nusu. Bado kofia inabana.

#8 NtaYaNyuki
Inabana siku ya kwanza, bibi! Mzee amesema siku hiyo ilimkaa vizuri. Unene wa ngozi hauongezeki kwa kuvaliwa. Hesabu zenu zinajibu swali ambalo hakuuliza.

#9 Mzee Gidamu
Asanteni. NtaYaNyuki, naitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Bi Msharasi, utepe wa ndani ni kitambaa cha pamba, nao nimeushona kwa uzi uleule wa kitani. Kalibu, nimevuta mabaki: ni kweli kuna upande unaovutika zaidi. Vipande vya kofia vimechanganyika, vingine nimevilaza, vingine nimevisimamisha, ili vienee kama ulivyosema.

Na kuna kitu sikukitaja. Pale panapogusana na msumari pametokea doa jeusi lenye rangi ya bluu kwa mbali. Nimelifuta halitoki.

#10 Magome
Hilo doa ndilo limenileta humu. Chuma kikikutana na tanini, ile dawa ya magome inayokaza ngozi, pakiwa na unyevu kinatoa rangi nyeusi, na kwa karne nyingi wino wa kuandikia ulitengenezwa kwa njia hiyohiyo. Maana yake ngozi yako imedabaghwa, yaani imetiwa dawa isioze, kwa magome ya miti. Ya kromu, yaani iliyotiwa chumvi za metali hiyo, isingepata doa hilo. Hakikisha kwa kukata ukingo: ya magome ni kahawia hadi katikati, ya kromu mara nyingi katikati ni kijivu chenye ubluu hata kama juu imepakwa rangi nyingine.

Sasa tabia zake. Ya magome hunywa maji upesi na kushika umbo ililokaukia nalo. Joto likiwa kali na imelowa, inasinyaa na kuwa ngumu. Tumbukiza mabaki kwenye maji yanayochemka uone, yatajikunja mbele ya macho yako. Ya kromu huvumilia zaidi. Kwa hiyo nipo na #3, lakini nauliza pia kama huo mlango unapigwa na jua.

#11 Soli Nne
Kromu yenyewe ni mambo ya juzi, baada ya Vita vya Pili. Zamani ngozi zote zilikuwa za magome na hakuna mtu aliyelalamika kofia kubana.

#12 Magome
Hapana mkuu. Friedrich Knapp wa Ujerumani alieleza chumvi za kromu mwaka 1858, na Augustus Schultz alipata hataza yake Marekani mwaka 1884. Na si kweli kwamba zote za zamani ni za magome, zipo za moshi, za shabu na za mafuta ya wanyama. Kromu ilishinda hasa kwa sababu ya muda. Magome yanataka wiki, pengine miezi. Kromu siku moja inatosha.

Malalamiko ya kofia za zamani siwezi kuyasemea 😀

#13 Subana
Mmeng'ang'ania ngozi, na mzee ameshawapa jibu kwenye #9. Utepe wa pamba! Pamba ambayo haikufuliwa kabla ya kushonwa husinyaa ikilowa na kukauka, na utepe huo unazunguka kichwa chote. Tena uzi ni wa kitani. Uzi wa mmea ukilowa hunenepa na kufupika. Kwenye kofia mshono huo ni duara kamili, ukifupika kidogo kila mahali unakaza duara zima. Kwenye kiatu mshono unafuata soli, na soli haiendi popote. Fumua utepe, uvae kofia bila huo, kisha urudi hapa.

#14 Kalibu Kongwe
Subana, nakupa nusu. Lakini tusiruke upande wa pili. Nani amethibitisha kwamba viatu vimetanuka? Soli ya ndani ikiwa ya ngozi au koki (gome jepesi la kutengenezea vizibo) hubonyea chini ya uzito hadi ichukue alama ya mguu. Mguu unashuka, juu panabaki nafasi, mvaaji anasema kiatu kimepanuka wakati uso wa kiatu uko palepale. Mzee, ingiza kidole kando na kando, kisha juu ya mguu. Nafasi iko wapi?

#15 Chapeo
Kwa hiyo kiatu hakijatanuka, kofia haijasinyaa, utepe ndio mchawi. Mzee pekee ndiye amebaki kama alivyokuwa.

#16 Kipima Futi
Na yeye hajabaki kama alivyokuwa, hapo ndipo pagumu. Miguu ya mtu mzima hupanuka umri unavyokwenda. Kano zinalegea, upinde wa unyayo unashuka, mguu unarefuka na kutanuka. Viatu vya mzee vilipaswa kumbana. Kama vimelegea juu ya hilo, basi vimetanuka kweli na nadharia ya #14 haitoshi peke yake.

Halafu wote mnaopima miguu asubuhi, acheni. Pimeni jioni, umesimama, miguu yote miwili, maana mara nyingi hailingani.

#17 Mzee Gidamu
Kalibu: nafasi iko juu ya mguu. Na kando pia 😂 Sijui nikupe ushindi au Kipima Futi. Magome: ukingo ni kahawia hadi ndani. Jua la asubuhi linaufikia mlango, ndiyo.

#18 Mgeni Njiani
Samahani kuingilia. Nina miaka 59, nataka kuanza kazi hii kwa kujifurahisha. Macho si yale ya zamani na kiungo cha chini ya kidole gumba kinauma nikikaza kitu. Nianze na kofia au viatu? Na je, bora cherehani?

#19 Bi Msharasi
Karibu. Anza na kofia ya vipande, ngozi nyembamba, milimita 1 hadi 1.2. Kiatu kinataka kalibu, yaani umbo la mguu la kushonea, na kalibu isiyo yako ni mateso.

Macho: shida kubwa ni mwanga kuliko miwani. Jicho la miaka 60 linapitisha karibu theluthi moja tu ya mwanga unaopita kwenye jicho la miaka 20. Weka taa mbili, moja kila upande, zisiangushe kivuli cha mkono kwenye mshono. Uzi mweusi kwenye ngozi ya kahawia iliyoiva uachie vijana. Chukua uzi wa rangi ya maziwa, utauona, na mshono wenyewe unapendeza.

Kidole gumba: usisukume msharasi (chuma cha kutobolea ngozi) kwa nguvu ya gumba. Toboa matundu yote kwanza juu ya ubao, kwa uma wa kutobolea na nyundo ya mbao. Baada ya hapo sindano butu inapita bila vita. Ikigoma ivute kwa koleo. Na ukikaza uzi, uzungushe kwenye kiganja na uvute kwa mkono mzima, vidole vipumzike. Mimi nashona asubuhi, vidole vikiuma nafunga kazi, sina bosi.

#20 Soli Nne
Cherehani ya kawaida utaivunja. Na mshono wa cherehani ukikatika sehemu moja, wote unafumuka. Wa mkono haufumuki.

#21 Kalibu Kongwe
Haufumuki wote papo hapo. Cherehani ina nyuzi mbili zinazofungana katikati ya ngozi kila tundu. Wa juu ukisagika, wa chini unakosa cha kushika na pande hizo mbili zinaanza kulegea taratibu. Wa sindano mbili, kila uzi unapita kwenye kila tundu kutoka upande wake, kwa hiyo mmoja ukikatika mwingine bado umeshika. Ndiyo tofauti. Kwa Mgeni: kata uzi mara nne ya urefu wa mshono, kuunga katikati ya njia kunakera.

Kalibu za duka, ukifika huko: kwenye namba za Ulaya hatua moja ni theluthi mbili za sentimita, kwa hiyo namba 42 ni kalibu ya sentimita 28. Hiyo ni kalibu, si mguu. Mguu ni mfupi zaidi, vidole vinahitaji pa kupumulia.

#22 Subana
Kabla Mgeni hajafika dukani: gundi. Hiyo ya kopo yenye harufu kali usiitumie chumba kimefungwa. Japani katika miaka ya 1960 watengenezaji wa ndara waliokuwa wakifanyia kazi majumbani walipata ganzi ya miguu na mikono na udhaifu wa misuli, sababu ikaonekana ni heksani, kimiminika cha kuyeyushia kilichokuwa kwenye gundi. Kwa watu wa umri wetu hatari ni mbili, kwa sababu ukianza kufa ganzi unasema ni uzee, unaendelea kunusa. Ipo gundi ya maji. Inachelewa kushika, lakini sisi tunakimbilia wapi?

#23 Chapeo
Swali la kizushi. Hivi kweli mtu anaweza kuanza ushonaji viatu uzeeni akavalika? Ukiacha mzee wa #1 na soksi zake nene.

#24 Magome
Leo Tolstoy wa Urusi, pamoja na umaarufu wake wote, alijifunza kushona viatu akiwa amevuka miaka 50. Alimpa buti Mikhail Sukhotin, ambaye baadaye alioa binti yake. Sukhotin akaziweka kwenye rafu kando ya majuzuu 12 ya maandishi ya Tolstoy na kuzipa jina la juzuu la 13.

#25 Chapeo
Kwenye rafu! Ndicho ninachosema, hazikuvalika 😂😂

#26 Kipima Futi
Usishangilie mapema. Mshairi Afanasy Fet naye aliagiza jozi kwake, akalipa, na mwaka 1885 akaandika cheti kwamba alianza kuzivaa kesho yake. Kwa hiyo ni sare.

#27 Soli Nne
Wa zamani kuliko wote ni yule mtu wa barafu aliyepatikana mwaka 1991 milimani, mpakani mwa Austria na Italia. Zaidi ya miaka 5,000. Alikuwa na viatu vyenye soli ya ngozi ya dubu na kofia ya dubu pia. Viatu vyake ndivyo vya kale kabisa duniani.

#28 Kalibu Kongwe
Kofia ya dubu sawa, soli sawa, "vya kale kabisa" hapana. Kiatu cha ngozi kilichopatikana mwaka 2008 kwenye pango la Areni, Armenia, kina miaka kama 5,500 na kimempita kwa karne kadhaa. Kipande kimoja cha ngozi ya ng'ombe, kimekunjwa na kufungwa kwa kamba ya ngozi. Na ukisema viatu tu bila kusema ngozi, ndara za magome ya kichaka zilizochimbuliwa Oregon, Marekani, zinavipita vyote kwa miaka elfu kadhaa.

Mzee Gidamu, angalia vizuri: cha Areni kina kamba. Kiatu kisicho na kamba, kilichoshonwa kwa ngozi nyembamba isiyo na bitana, kulegea ni wajibu wake.

#29 NtaYaNyuki
Na kofia ya mtu wa barafu ilikuwa na kamba za ngozi za kufungia kidevuni. Inaelekea yake haikusinyaa, ilikuwa inapeperuka. Nadharia nyingine hiyo.

#30 Mzee Gidamu
Nimerudi na ripoti. Nimefumua utepe wa pamba kama Subana alivyotaka. Nikainyunyizia kofia maji vuguvugu hadi ikalainika, nikaingiza mpira wa watoto namba 3, mzingo wake ni kati ya sentimita 58 na 60, nikaujaza upepo taratibu, nikaiacha kivulini hadi ikakauka. Haibani tena kama zamani. Lakini sasa inagusa kwenye paji na kisogoni, na masikioni kuna nafasi ya kupitisha kidole.

#31 Subana
Utepe! Niliwaambia.

#32 NtaYaNyuki
Utepe wapi? Ameilowesha na kuikausha ikiwa na kitu ndani. Ni #3 neno kwa neno.

#33 Bi Msharasi
Mzee umefanya mambo mawili kwa mpigo, sasa hawa watagombana hadi mwakani. Ungefumua utepe kwanza, ukaivaa siku kadhaa, ndipo uilete kwenye maji. Na ukitoa utepe umenirudishia zile milimita 6 zangu, nazo zihesabiwe.

#34 Kalibu Kongwe
Nafasi za masikioni zinatokana na mpira. Kichwa si duara. Chonga ubao wa umbo la yai, urefu sentimita 20, upana 17, unapata mzingo wa 58 na kidogo. Ikaushie hapo. Na kama vipande vilivyolazwa vimevutika kuliko vilivyosimamishwa, utaona mishono imepinda. Imepinda?

#35 Mzee Gidamu
Miwili imepinda 😀 Mpira nao mjukuu ameshauchukua. Magome, doa nimeambiwa nipake limau. Kabla ya mafuta au baada?

#36 Magome
Kabla. Kidogo tu kwa pamba, kisha futa kwa maji, iache ikauke, ndipo mafuta. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, inaweza kupausha. Msumari ng'oa, weka kigingi cha mbao.

#37 Mgeni Njiani
Nimejifunza mengi, asanteni. La mwisho: ukingo wa pama mnaufanyaje usilegee na kulala?

#38 Bi Msharasi
Tabaka mbili, mgongo kwa mgongo, gundi ya maji, kisha mishono ya duara kuanzia nje kuingia ndani.

#39 Kalibu Kongwe
Tabaka moja ya milimita 3 ya magome, ukate upande wa mgongoni. Tabaka mbili zikipata mvua kila moja inavuta kwake.

#40 Soli Nne
Mnajisumbua bure. Pitisha waya kwenye pindo la ukingo, kwisha.

#41 Magome
Waya wa nini? Kama ni wa chuma, rudi ukasome #10.